Tunu Aliyechelewa Kuondoka

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Ulikuwa wa nusu saa, mara mbili kwa wiki. Radio One ilikuwa haijazaliwa, na televisheni Tanzania Bara ilikuwa bado haijaanza. Mtu wa Tunduma aliyeanika betri zake juani mchana kutwa, akazirudisha kwenye redio jua lilipozama, hakuwa na mengi ya kuchagua: asikilize RTD, au azungushe kisahani mpaka akutane na Wazambia wakiongea Kibemba.

Mchezo ulikuwa na kaya kadhaa ndani yake, ikiwamo ya fundi cherehani na mkewe waliokuwa wakijifunza kupanga uzazi. Lakini nyumba iliyoishika nchi ni ya dereva wa lori, jina lake Mkwaju, na mkewe Tunu. Mkwaju analewa, na ana wanawake kila mahali lori linapolala. Tunu anajua, naye anavumilia. Anavumilia kiasi kwamba msikilizaji anatamani kuingia ndani ya redio amtikise mabega.

Mkwaju ndiye aliyepata umaarufu. Jina lake lilitoka redioni likaingia mitaani, na mwanamume mwenye kuruka huku na kule akawa anaitwa Mkwaju hata kama maisha yake yote hajashika usukani. Ndivyo ilivyo kwa wabaya wa hadithi, watu huwakumbuka kwanza. Mimi nadhani moyo wa mchezo ule ulikuwa kwa Tunu, na nadhani ulifanya kazi kwa sababu Tunu alichelewa. Ili kueleza kwa nini, studio za RTD za Barabara ya Pugu ziachwe kwanza, twende mpakani mwa Zambia, Tunduma.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana maeneo, na mstari uliotoka humo ukawakata Wanyamwanga vipande viwili. Wengine wakabaki upande ambao leo ni Nakonde, wengine upande ambao leo ni Tunduma na Momba. Njia ilikuwapo tayari. Barabara ya Stevenson, iliyoanzishwa miaka ya 1880 kuunganisha Ziwa Nyasa na Tanganyika, ilipita jirani na hapo, na Waingereza wakajenga kituo chao cha Fife kandokando yake. Kwa hiyo tangu mwanzo mahali hapa palikuwa pa kupitia. Ila waliopita hawakuwa wengi, na Tunduma ilikaa miaka mingi bila sababu ya kuwa mji.

Sababu ililetwa na Ian Smith. Novemba 1965 alipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache kule Rhodesia, Zambia, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilijikuta imefungiwa mlango wa kusini. Shaba ya kutoka na mafuta ya kuingia vililazimika kutafuta bahari nyingine, na mojawapo ilikuwa ya Dar es Salaam. Malori yakaanza kupanda na kushuka katika njia ya udongo ambayo madereva wenyewe waliiita ya Jehanamu. Masika iligeuka tope la kumeza magurudumu, kiangazi vumbi ambalo ndani yake dereva wa nyuma hakuona taa za wa mbele. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika mpakani. Kisha Wachina wakaleta reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wakaikabidhi Julai 1976, nayo ikavuka mpaka papo hapo Tunduma.

Ilidhaniwa reli ingeyamaliza malori. Haikuyamaliza. Mabehewa yalipungua, ratiba ikawa ya kubahatisha, na mwenye shehena yake akarudi kwa mwenye lori. Miaka ya 1980 ilipoisha, Tunduma ilikuwa mji unaoishi kwa kusubiri. Dereva alifika na karatasi zake za forodha, akakuta foleni imerudi nyuma kuelekea Mpemba, akazima injini. Siku mbili, tatu, pengine wiki nzima. Utingo alilala chini ya gari akilinda turubai lisichanwe. Dereva, mwenye posho mfukoni, alikuwa na muda ambao hakuwa na kazi nao.

Muda huo ndio uliojenga mji. Nyumba za wageni, baa, mama lishe, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha mkono mmoja na shilingi mkono mwingine, na magenge ya mboga yaliyopangwa kando ya lami: mchicha umefungwa vifungu, nyanya zimekaa nne chini moja juu. Wanawake waliofika kutoka Mbozi, Ileje, Rungwe na mbali zaidi walikuja kwa sababu hapa fedha ilipita usiku na mchana. Aliyekuwa na mtaji wa kununua debe la nyanya aliuza nyanya. Asiyekuwa nao alianza kazi ya baa, mshahara mdogo na bakshishi ya kujitafutia.

Na ugonjwa ulipofika, ulifika kwa njia hiyohiyo.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa muda Watanzania wengi walijipa moyo kwamba hilo ni jambo la kule, la magendo na mpaka wa Uganda. Barabara kuu ilivunja faraja hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wizara na wafadhili walijua kwamba vituo vya malori ndiko maambukizi yalikokimbia zaidi, na shirika la AMREF likaanza mradi wa madereva na wanawake wa vituo hivyo, likifundisha waelimishaji kutoka miongoni mwao na kugawa kondomu baa kwa baa. Mbeya, mkoa ambao Tunduma ilikuwa ndani yake wakati huo, ulipata mradi wake kwa msaada wa Wajerumani. Mabango yalibandikwa. Watu walisoma mabango, wakaelewa, wakaendelea. Utani wa mitaani wa miaka ile ulizichukua herufi nne za AIDS ukazipa maneno yake: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Mtu anayetania namna hiyo amekwisha elewa. Kinachomshinda ni hatua inayofuata.

Hapo ndipo hadithi inapohitaji safari ya mbali kidogo, mpaka Lima.

Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza tamthilia iitwayo Simplemente María. Msichana wa kijijini anakuja mjini, anakuwa mfanyakazi wa ndani, anazalishwa na kuachwa, anajifunza kusoma, anajifunza kushona, na taratibu anakuwa mshonaji mwenye jina. Ilikuwa biashara tu, hakuna aliyekusudia kumfundisha mtu chochote. Lakini wasichana wa kazi walianza kujiandikisha madarasa ya kusoma na kushona, vyerehani vya Singer vikauzika, na siku ya harusi ya María ilipokuwa inarekodiwa watu maelfu walifurika kanisani Lima na zawadi mkononi. Mtayarishaji mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, aliitazama tamthilia hiyo kama fundi anavyofungua saa. Aliona kwamba watu hawakumfuata María kwa sababu alikuwa mwema. Walimfuata kwa sababu walimwona akiwa chini, wakamwona akipanda, na hatua zote za katikati walizishuhudia.

Sabido aliunganisha alichokiona na maandishi ya Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyesema binadamu hujifunza mengi kwa kuwatazama wenzake, na kwamba mtu hajaribu jambo mpaka aamini kwamba yeye mwenyewe analiweza. Kuanzia mwaka 1975 alitengeneza tamthilia za kuhimiza elimu ya watu wazima, kisha uzazi wa mpango. Kanuni yake ilitaka wahusika wa aina tatu: mwema aliyekwisha amua, mbaya asiyebadilika, na wa katikati, mwenye mashaka, anayevutwa huku na huku. Huyu wa tatu ndiye aliyebeba mzigo. Alipaswa kusitasita, kukosea, kurudi nyuma, na kila hatua yake ionekane imemgharimu.

India walijaribu mwaka 1984 kwa tamthilia ya Hum Log, nayo ikawapa somo lisilotarajiwa. Mama wa ile familia, Bhagwanti, alikusudiwa kuonyesha jinsi mke mnyenyekevu anavyoonewa. Kila kipindi kilifungwa na maneno ya mwigizaji mashuhuri Ashok Kumar akifafanua mambo. Haikusaidia. Wanawake wengi walimpenda Bhagwanti kama alivyo na kusema ndiye mfano wa kuigwa, kwa sababu hadithi ilimwonyesha akivumilia lakini haikumwonyesha njia ya kutoka. Ukimweka mwanamke mvumilivu mbele ya hadhira iliyolelewa kusifu uvumilivu, utapigiwa makofi usiyoyataka.

Kenya ilifuata mwaka 1987 na mchezo wa redio, Ushikwapo Shikamana. Miaka michache baadaye mbinu ilivuka kuja Tanzania. Watunzi na watayarishaji wa RTD walipata mafunzo, fedha zikatoka Umoja wa Mataifa, ushauri ukatoka shirika moja la New York, na kabla ya kuandika mstari mmoja watafiti walizunguka mikoani kuuliza watu wanaishije, wanaogopa nini, wanaambiana nini kitandani. Kutokana na majibu hayo akazaliwa Mkwaju. Kwa nini dereva? Kwa sababu kila mkoa barabara kuu inakopita ulikuwa na wake.

Akazaliwa na Tunu, mhusika wa katikati. Watunzi walikuwa na kosa la Bhagwanti la kuepuka, lakini walikuwa pia na kosa la upande wa pili: mke anayeamka asubuhi moja, anatoa hotuba kuhusu haki za wanawake, anafunga virago. Msikilizaji wa Vwawa au Mlowo angecheka. Angeuliza, ameenda wapi? Mahari ilirudishwa? Watoto wanakula nini? Nani kampa nauli?

Tunu alianza akiwa mke asiyejithamini, mwenye kumtii mume kwa sababu hajawahi kufikiria kwamba kuna namna nyingine. Mabadiliko yake yalikuja tone kwa tone. Kwa mchezo wa mara mbili kwa wiki, miezi inapita mwanamke akiwa palepale, akijua na akikaa. Waandishi wa riwaya hawana anasa hiyo, kurasa zinawabana. Redio ilikuwa na muda uleule wanaoutumia watu kubadilika, na hapo ndipo ilipoishinda mabango. Jirani halisi aliyeonewa na mumewe humchukua miaka kuondoka, na katikati huwa amekwisha ondoka na kurudi.

Hatimaye Tunu alimwacha Mkwaju, akaanza kuuza mboga, biashara ikamkubali. Natamani wasomaji wa leo waelewe uzito wa mboga hizo. Watunzi hawakumpa ukarani wala urithi wa mjomba. Walimpa kazi ambayo msikilizaji wa Tunduma angeweza kuigusa kwa kufungua dirisha. Faida ya fungu moja ni ndogo, lakini inaingia leo, inaingia mkononi mwa mwenye genge, na haimpitii mume. Mwanamke mwenye shilingi za leo jioni anaweza kukataa jambo ambalo jana hakuweza kulikataa. Bandura aliita hali hiyo kujiamini kwamba unaweza. Kwenye genge huitwa mtaji.

Kisha Mkwaju akapata ukimwi, na Tunu akamuuguza mpaka alipokufa.

Hapa ndipo Tunu anapogawa watu. Ameondoka, amesimama kwa miguu yake, halafu anarudi kumwosha na kumlisha mwanamume yuleyule? Msomaji mwenye haraka ataona mchezo umemrudisha jikoni, kwamba watunzi waliogopa mapinduzi yao wenyewe. Sikubaliani naye, ingawa naelewa hasira yake. Anayeuguza mwishoni si mke wa mwanzo. Wa mwanzo angekaa kwa sababu hana pa kwenda. Huyu ana pake. Na tukumbuke miaka ile: wagonjwa walitupwa, vyombo vyao vikatengwa, majirani wakaacha kuingia. Mchezo uliomwonyesha mwanamke asiye na deni lolote akimshika mgonjwa kwa mikono yake ulikuwa unasema jambo ambalo hakuna bango lililoweza kulisema. Ila nakiri kwamba uzito huo ulipewa mwanamke, kama kawaida. Wangemwandika mume akimuuguza mke, pengine ndipo nchi ingeshtuka kweli.

Mashujaa wa namna hii, wanaobadilika polepole, huwachosha baadhi ya watu popote. Mwaka 2012 Marekani ilianza kuonyesha katuni ya The Legend of Korra, mwendelezo wa ile ya Avatar iliyokuwa imependwa sana, na watazamaji wengi walilalamika kwamba shujaa wake, binti Korra, ni mkaidi, anakosea, anapigwa, anajifunza halafu anasahau. Katika sehemu ya tatu anatiwa sumu, na ya nne inamkuta akiwa ametumia miaka mitatu kujiuguza, mwanzoni katika kiti cha magurudumu. Kituo chenyewe kilikwisha iondoa hewani kikaihamishia kwenye intaneti kabla haijamalizika Desemba 2014. Katuni ya watoto na mchezo wa ukimwi ni vitu viwili mbalimbali, lakini lalamiko ni moja: kwa nini haponi haraka? Wasikilizaji wa RTD walikuwa na subira zaidi, au pengine, redio zikiwa chache, hawakuwa na pengi pa kuhamia.

Twende na Wakati ulikuwa pia jaribio, na jaribio lenyewe ni sehemu ya kushangaza ya historia hii. Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma hakikuurusha. Mahali pengine pote, Mbeya ikiwamo, watu walimsikia Tunu. Dodoma walipigiwa vipindi vingine saa hiyo, ili watafiti, wakiwamo Everett Rogers, Peter Vaughan, Arvind Singhal na Ramadhan Swalehe, waweze kulinganisha. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kulikosikika mchezo, na Dodoma yakaanza kupanda baada ya 1995. Miongoni mwa wasikilizaji, 82 kwa kila 100 walisema wamebadili mwenendo kujikinga na ukimwi. Kati ya hao, 77 kwa 100 walitaja kupunguza wapenzi, 16 kutumia kondomu, na 6 kuacha kuchangia nyembe na sindano.

Namba hizo zimenukuliwa duniani kote, na zina uzito, hasa kwa sababu ya Dodoma. Lakini mtu anayeulizwa mlangoni kwake na mgeni mwenye karatasi na kalamu, kuhusu wapenzi wake, hujibu kama anavyotaka aonekane. RTD hiyohiyo ilikuwa pia na mchezo mwingine wa uzazi wa mpango, Zinduka!, na mazishi nayo yalikuwa yanafundisha kila wiki. Ninachokiamini zaidi kuliko asilimia ni lile jina kuingia mitaani. Watu wakipata jina la kumwita mtu mwenye tabia fulani, wamepata namna ya kuizungumza tabia hiyo mbele yake bila kugombana.

Barabara yenyewe haikubadilika kwa kasi ya mchezo. Mwaka 2000 watafiti walipowapima wahudumu wa baa wa Mkoa wa Mbeya, 68 kwa kila 100 walikuwa na virusi. Upimaji wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta watu wazima wa Mbeya wenye virusi ni asilimia 13.5, mkoa uliotangulia nchi nzima, wakati wastani wa Bara ulikuwa 7. Wanawake wale wa baa walikuwa wamemsikia Mkwaju, wengi wao angalau. Walichokosa ni kile ambacho Tunu alipewa na watunzi: debe la kwanza la nyanya.

Tangu hapo Tunduma imevimba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 97,000. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 219,000. Januari 2016 mji ukawa ndani ya mkoa mpya wa Songwe, makao yake Vwawa, na Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Foleni bado hurudi mara kwa mara. Magenge yapo.

Na mwaka 2004 serikali ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Dawa hizo zingeharibu kabisa mpango wa watunzi wa mwaka 1993. Mkwaju asingekufa. Angekonda, angepimwa, angeanza vidonge, angenenepa, angerudi kwenye usukani, na jioni moja, akiwa amepaki lori na amenyoa ndevu, angebisha hodi kwa Tunu. Mwenye genge angekuwa na la kuamua ambalo kifo kilimwondolea, na kwa mwendo wake, lingemchukua vipindi vingi.